Panda Kinachonyauka, Nunua Kinachodumu

Sokoni Kasongo, kusini mwa Maniema, saa moja asubuhi, muuza mboga ana chupa ya plastiki ambayo kizibo chake kimetobolewa kwa msumari. Kila baada ya muda anaiinamisha juu ya mafungu ya lengalenga, yaani mchicha, matone yanatua, na majani yanang'aa kana kwamba yametoka shambani sasa hivi.

"Yaya, hii lengalenga imechumwa lini?"

"Asubuhi hii hii, mdogo wangu. Hauoni umande?"

"Umande au chupa?"

Anacheka, nawe unacheka. Lakini kabla ya kulipa, geuza fungu uangalie miguu yake. Shina lililokatwa leo lina jeraha jeupe lenye majimaji. Lililokatwa jana lina jeraha la kahawia, limekauka na kusinyaa. Chupa hulowesha jani, haiwezi kufufua shina.

Hatua mbili kutoka hapo kuna meza ya kabichi, zimepangwa kama mawe ya msingi, na kabichi moja ina bei ya mafungu kadhaa ya lengalenga. Mgeni akija ghafla, nyumba nyingi hukimbilia meza hiyo. Kabichi ni mboga ya heshima, na lengalenga ni mboga ya siku ambayo nyumba haina kitu. Mimi nasema tumeipanga heshima kinyume, na hesabu itaonyesha. Swali la kwanza ni lile la kila mama mwenye kikapu: ninunue, au nipande nyuma ya nyumba? La pili huulizwa mara chache: nikipanda, nipande nini, na kipi nikiache sokoni?

Kwa nini tusihesabu kwa franka

Bei za kusini mwa Maniema hazikai mahali pamoja. Zinapanda Julai vijito vinapopungua. Zinapanda barabara ya Taifa namba 2, inayotoka Bukavu kupitia Kamituga, inapogeuka tope. Zinapanda dola inapoikimbia franka. Ukivuka kwenda Kabambare na kufika Salamabila, karibu na dhahabu ya Namoya, unakuta bei nyingine kabisa, kwa sababu kwenye machimbo wanaokula ni wengi na wanaolima ni wachache. Bei ikiandikwa leo, mwezi ujao itakuwa ya zamani.

Basi tupime kwa chungu. Nyumba ya watu 7, kila mtu gramu 100 za majani yaliyokwisha kuchambuliwa, ni gramu 700. Hicho ndicho chungu kimoja cha siku. Si kingi: Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, muhogo na viazi visihesabiwe. Chungu chetu ni robo ya safari, na robo nyingine zitatoka kwenye papai, embe, chungwa, nyanya na maharage mabichi.

Kesho fanya jaribio moja. Nunua mafungu unayonunua kila siku, yachambue kama kawaida, kata mizizi na mashina magumu, kisha mwombe mwenye duka akupimie majani kwenye mizani yake. Utajua mafungu mangapi yanajaza gramu 700. Zidisha idadi hiyo kwa bei ya siku hiyo, kisha zidisha kwa 30. Hiyo ndiyo bili yako ya mboga ya mwezi, na nyumba nyingi hazijawahi kuiona imekaa pamoja, kwa sababu inalipwa kidogo kidogo kila asubuhi.

Kilichomo ndani ya fungu

Tulinganishe gramu 100 za kila mboga ikiwa mbichi. Tarakimu hizi ni za wastani kutoka majedwali ya vyakula. Udongo, aina na umri wa jani huzibadilisha kidogo. Vitamini A imepimwa kwa mikrogramu, vingine kwa miligramu.

- Kabichi: vitamini A 5, kalisi 40, chuma 0.5, vitamini C 37
- Lengalenga: vitamini A 146, kalisi 215, chuma 2.3, vitamini C 43
- Matembele: vitamini A 189, kalisi 78, chuma 1, vitamini C 11
- Majani ya maboga: vitamini A 97, kalisi 39, chuma 2.2, vitamini C 11
- Majani ya mlonge: vitamini A 378, kalisi 185, chuma 4, vitamini C 52
- Nyanya: vitamini A 42, kalisi 10, chuma 0.3, vitamini C 14
- Kitunguu: vitamini A hakuna, kalisi 23, chuma 0.2, vitamini C 7

Soma safu ya vitamini A peke yake. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji mikrogramu 400 kwa siku kwa kipimo cha FAO na WHO. Ili aipate kwenye kabichi pekee, atalazimika kula kilo 8. Gramu 100 za lengalenga zinabeba vitamini A ya karibu kilo 3 za kabichi, na kalisi mara tano. Kabichi inasimama karibu sawa na lengalenga kwenye vitamini C tu, tena kabla ya kupikwa.

Sombe nimeiacha nje ya orodha kwa sababu tarakimu zake zinatofautiana sana kati ya jani bichi na mboga iliyotwangwa na kuchemka saa nzima. Ila jambo moja linaiweka juu ya wenzake: gramu 100 za jani bichi la muhogo zina karibu gramu 7 za protini, wakati lengalenga ina 2.5 na kabichi haifiki 1.5. Kwa nyumba ambayo nyama inaonekana sikukuu tu, hilo si dogo.

Haya si mambo ya vitabuni tu. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2013–2014 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Kongo wenye chini ya miaka 5, watoto 43 walikuwa wamedumaa. Na katika watoto 100 wa kati ya miezi 6 na 59, watoto 60 walikuwa na upungufu wa damu. Malaria na minyoo vina sehemu yao katika huo upungufu wa damu, lakini sahani pia ina yake. Kasongo yenyewe ina jina katika vitabu vya afya: mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapa utafiti uliofanyika hapa juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto. Surua humaliza vitamini A mwilini, na mtoto aliyeingia katika ugonjwa akiwa hana akiba ndiye anayehatarisha macho na maisha yake.

Chaguo la kwanza: kununua kila siku

Soko lina sifa zake. Halihitaji kiwanja, halihitaji uzio, na ukiugua haliungui jua likikungoja. Unanunua leo lengalenga, kesho sombe iliyokwisha kutwangwa, keshokutwa matembele. Kwa mpangaji wa chumba kimoja, au kijana aliyekwenda Salamabila kutafuta dhahabu na anayelala popote usiku unapomkuta, soko ndilo jibu.

Bei yake ya siri ni kunyauka. Jani lililokatwa huendelea kupumua na kukauka; vitamini C huanza kupotea saa ileile, na kwenye joto letu fungu la jana limeshapoteza sehemu kubwa. Unalipa fungu zima, unapata vitamini nusu, na majani ya njano unayatupia kuku. Kitunguu hakina tabia hiyo. Kikikaushwa vizuri kinakaa miezi, kinapanda baiskeli na lori, kinafika Kabambare kama kilivyotoka. Hapo ndipo kanuni ya makala haya inapozaliwa: panda kinachonyauka, nunua kinachodumu.

Chaguo la pili: tuta la lengalenga

Lengalenga huvunwa wiki 3 hadi 4 baada ya kupanda. Tuta lililotiwa mbolea ya mbuzi iliyooza vizuri linaweza kutoa, kwa makadirio ya mtu mwangalifu, kilo moja ya majani safi kwa kila mita moja ya mraba katika mzunguko mmoja. Wakulima hodari hupata zaidi, lakini tuhesabu kwa tahadhari.

Chungu kimoja kila siku ni karibu kilo 20 katika wiki 4. Kwa hiyo unahitaji mita 20 za mraba: matuta 4, kila moja mita 1 kwa mita 5. Usiyapande siku moja. Panda tuta moja kila wiki, ili tuta la nne linapoota, la kwanza liwe limefika kisuni. Anayepanda yote pamoja hula lengalenga mpaka aichukie, kisha anarudi sokoni mwezi mzima.

Mbegu ni karibu bure. Kijiko cha chai kilichochanganywa na mchanga mkavu au jivu kinatosha mita 2 au 3 za mraba. Mchanga unasaidia mkono usimwage mbegu zote pahali pamoja. Mbolea ni ndoo moja kwa kila mita 2. Kazi ya kutayarisha ni ya asubuhi mbili.

Gharama iliyojificha ni maji. Msimu wa mvua, kuanzia Septemba au Oktoba hadi Mei, mbingu inalipa. Lakini kiangazi, hasa Juni hadi Agosti, kila mita ya mraba inataka karibu lita 5 kwa siku. Mita 20 ni lita 100, yaani bido 5 za lita 20. Bido 5 kwa siku kwa ajili ya chungu kimoja cha siku. Hapo kila mtu anaweza kujifanyia hukumu:

- Kama kisima kiko uani au kijito kiko chini ya nyumba, bustani inashinda soko mwaka mzima.
- Kama unanunua maji, linganisha bei ya bido 5 na bei ya mafungu yanayojaza chungu. Bido zikiwa ghali kuliko mafungu, punguza matuta kiangazi.
- Kama maji yanabebwa kichwani na msichana wa shule kutoka mbali, gharama hiyo haionekani kwenye franka, inaonekana kwenye daftari lake. Ihesabu.

Njia ya kati ni kupunguza tuta badala ya kuliacha. Mita 8 za mraba zinataka bido 2. Tandaza majani makavu juu ya udongo, mwagilia alfajiri au jua likizama, na usimwage maji ya kuoshea mchele na mboga. Katika nchi ya wala wali kama Maniema, maji hayo yanatosha kunywesha kipande cha tuta kila siku. Maji ya sabuni yaache.

Gharama ya pili ni uzio. Waulize waliowahi kuanza bustani wakaacha: wengi watakutajia mbuzi wa jirani na kuku wao wenyewe kabla hawajataja mbegu. Uzio wa matete au makuti unagharimu siku chache za kazi na hudumu misimu michache tu. Mafunzo mengi ya bustani yanaanza na mbegu. Mimi ningeanza na uzio: ukishindwa kuujenga, usinunue hata punje moja, nenda chaguo lifuatalo.

Chaguo la tatu: mboga zisizoomba kitu

Matembele yanapandwa kwa vipande vya shina la kiazi kitamu ambavyo jirani atakupa bure. Yanatambaa, yanafunika udongo, yanavumilia ukame kuliko lengalenga, na yanachumwa vichipukizi tena na tena. Mbuzi anayapenda, lakini hayafi kwa kuumwa mara moja. Ukipata mbegu ya kiazi chenye nyama ya rangi ya chungwa, umepata mboga juu na dawa chini: gramu 100 za kiazi hicho zina mikrogramu zaidi ya 700 za vitamini A, wakati kiazi cheupe kina karibu sifuri. Ladha yake ni laini na ya majimaji kuliko ile tuliyoizoea, na wazee wengine hawataki kuisikia. Watoto hawana shida nayo.

Boga linapanda juu ya paa la jiko la nje au juu ya lundo la takataka, na jani lake changa ni mboga, ua lake ni mboga, tunda lake linakaa wiki nyingi ndani ya nyumba. Mlonge ni mti. Ukipanda miwili pembeni ya kiwanja na kuikata iwe mifupi, itachipua majani mwaka mzima hata Julai. Kijiko cha unga wa majani yake katika uji wa mtoto si muujiza kama wauzaji wanavyodai, lakini ni nyongeza nzuri kwa bei ya kukausha kivulini.

Kwa nyumba iliyo mbali na maji, hapa ndipo pa kuanzia.

Chaguo la nne: sombe, rahisi sokoni, ghali jikoni

Sombe haihitaji bustani. Muhogo umesimama shambani tayari, na jani lake linavumilia kiangazi. Ndiyo maana tunaiona kuwa mboga ya bure. Lakini fuata safari yake. Kwanza kinu: nusu saa ya mikono, au pesa ya mashini ya kusagia sombe. Kisha jiko: saa moja na zaidi motoni, wakati lengalenga imeiva kwa dakika 10. Makaa ya chungu kimoja cha sombe yangepika vyungu kadhaa vya lengalenga. Kwa anayenunua makaa kwa kopo, tofauti hiyo inaweza kula faida yote ya jani la bure.

Usijaribu kuokoa makaa kwa kuipika haraka. Jani la muhogo lina sumu ya sayanidi, na inaondoka kwa kutwanga mpaka lilainike kabisa, kisha kuchemsha kwa muda mrefu bila kufunika sufuria mwanzoni ili mvuke uende zake. Njia nzuri ni kupika sombe nyingi kwa pamoja, ya siku mbili, au majirani wawili kuchangia moto mmoja. Na jani lina bei nyingine chini ya udongo: shina linalochumwa majani kila wiki hutoa mihogo midogo. Chuma vichipukizi kidogo kidogo kutoka mashina mengi, na usilirudie shina lilelile kabla ya mwezi kupita.

Kwa protini yake, sombe inastahili mara mbili au tatu kwa wiki. Kila siku ni kazi kubwa kwa mwili wa mama na kwa gunia la makaa.

Chaguo la tano: pakiti ya mbegu kutoka dukani

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Kabichi inahitaji baridi ili itoe maua, na joto la Kasongo haliipi baridi hiyo. Maana yake hutapata mbegu yako mwenyewe hata ungeisubiri miaka. Kila msimu utarudi dukani. Kitunguu kina tabia karibu ileile, na mbegu yake huzeeka upesi: baada ya mwaka mmoja nyingi haziamki. Nyanya unaweza kuhifadhi mbegu yake, isipokuwa pakiti ikiwa na alama ya F1. Hiyo ni chotara, na watoto wake hawatafanana na mama.

Kabla ya kulipa, soma pakiti: tarehe ya mwisho, kiwango cha uotaji, alama ya F1. Mbegu iliyopimwa kwa kijiko kutoka kopo lililo wazi juani haina tarehe wala jina. Mimi niliwahi kununua kabichi ya namna hiyo. Zikaota chache, nazo zikapanda juu bila kufunga kichwa. Nilikula majani magumu kwa bei ya kabichi mbili za sokoni. Tangu hapo ninajaribu kwanza: punje 10 ndani ya kitambaa kibichi kwa siku kadhaa. Zikiamka chini ya 6, usizipe tuta.

Na muda pia ni gharama. Kabichi inakaa ardhini miezi 3 hadi 4, muda ambao tuta lilelile lingetoa lengalenga mara tatu. Viwavi wanaipenda, na dawa zinazouzwa ndani ya chupa zisizo na maandishi zisiingie katika bustani ya chakula. Kwa haki ya kabichi niseme hili: kwa uzito kwenye tuta si mvivu, na sokoni inaheshimika. Ukiwa na maji karibu, panda kabichi na nyanya uziuze, kisha nunua vitunguu, samaki wa ndakala na chumvi kwa pesa hiyo. Kabichi iufae mfuko, lengalenga imfae mtoto.

Gunia badala ya kiwanja

Wanaoishi kwa kubanana, katikati ya Kasongo au kwenye makambi ya wachimbaji, wanaweza kujifunza kwa wakazi wa Kibera, Nairobi, wanaolima ndani ya magunia. Simamisha gunia la kilo 100, weka nguzo ya kokoto katikati ili maji yashuke mpaka chini, jaza udongo na mbolea pembeni, toboa matundu ubavuni na uchomeke miche 30 hadi 40. Gunia linataka maji ya chini ya nusu bido kwa siku na halimpi kuku nafasi ya kuchakura. Halitalisha watu 7 kila siku. Litatoa chungu mara moja moja, na majani machache ya kila siku kwa uji wa mtoto anayeanza kula. Ukihama, unaweza kuliomba gari lilibebe.

Usipoteze sufuriani ulichokiokoa shambani

Bustani nzuri inaweza kufia jikoni. Osha majani yakiwa mazima, kisha ukate. Ukikata kwanza, vitamini inaondoka na maji machafu. Pika kwa maji kidogo na muda mfupi. Usitie magadi kulainisha. Rangi inabaki kijani lakini vitamini C inakwisha.

Mafuta ni rafiki wa mboga hizi, kwa sababu karotini ya majani haiingii vizuri mwilini bila mafuta. Na sisi tunayo mawese, ambayo yenyewe ni miongoni mwa vyakula vyenye karotini nyingi kuliko karibu vyote. Lakini tazama mikono inavyofanya: mafuta yanawekwa motoni, yanatoa moshi, yanaachwa mpaka wekundu upotee na yawe meupe, ndipo kitunguu kinaingia. Wekundu uliopotea ndio vitamini. Unanunua mawese, unachoma thamani yake, kisha unanunua kabichi. Pasha kidogo tu, yabaki mekundu.

Nyumba inayotumia mawese mekundu ina afueni kwenye vitamini A; kinachobaki kuwa kigumu ni chuma. Chuma cha majani huingia mwilini kwa shida. Kinaingia vizuri zaidi kikikutana na limau au ndakala, na kinazuiwa na chai inayonywewa papo hapo baada ya chakula. Kamua limau juu ya lengalenga, chai ingoje saa moja.

Machungwa, ndugu wa limau hilo, si mageni hapa. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa na jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya kamanda Dhanis lililoingia Kasongo ya zamani, ile ya Tongoni, mnamo Aprili 1893, aliandika kwamba alikuta bustani za machungwa, mapera, makomamanga, mananasi na maembe, na kwamba alipita saa moja na nusu ndani ya shamba moja la mpunga. Bustani hizo zilitifuliwa kwa mikono ya watumwa, na hilo lisisahaulike tunaposifu uzuri wake. Lakini udongo ni uleule, na safari hii mkono ni wa mwenye nyumba.

Kwa hiyo, uchague nini?

Mwenye maji karibu na uzio imara: matuta 4 ya lengalenga kwa zamu, tuta moja la kabichi au nyanya la kuuza, sombe mara mbili kwa wiki. Soko libaki la vitunguu, chumvi na samaki.

Mwenye maji mbali: matembele, boga na milonge miwili. Matuta 4 ya lengalenga msimu wa mvua tu. Kiangazi, mita 8 za tuta au hata 4, sombe kidogo zaidi, na mafungu machache ya sokoni yenye jeraha jeupe.

Mpangaji au mchimbaji: gunia moja kama kuna mtoto, na soko kwa yaliyobaki. Pesa ya kabichi moja ihamie kwenye lengalenga, matembele na limau. Hata asiyepanda kitu anaweza kula vizuri zaidi kwa pesa ileile.

Ukiamua kupanda, kuna malipo ya mwisho ambayo wengi huyakwepa. Tuta linapokomaa, chagua shina lililo refu, lenye majani mapana, lililochelewa kutoa maua kuliko wenzake. Funga uzi mwekundu juu yake na uwaambie watoto wasiliguse. Lile linalotoa maua mapema usiliachie mbegu, maana watoto wake pia watakimbilia maua kabla hujala majani. Shina lako litaota shuke, litakauka, na siku moja utalipiga juu ya ungo na mbegu nyeusi zitaruka kama baruti, za kutosha matuta yako na ya jirani. Bei yake ni mboga uliyoiacha bila kuichuma. Ukiila leo, Septemba utakuwa sokoni tena, unageuza fungu kuangalia rangi ya jeraha.